Nyuma ya mama mboga kuna Muthurwa

Kijana wa Nairobi anayetaka kuishi kwa kamera huambiwa mapema kwamba hajafika popote hadi anunue kamera ya fremu kamili. Muulize anayetoa ushauri huo sababu yake, na la kwanza atakalosema ni kwamba kamera hiyo "inafuta nyuma". Uso unabaki mkali, kope zinahesabika, na kila kilicho nyuma ya mtu kinayeyuka kuwa ukungu laini wa rangi. Mtindo huu ulianza kuzoeleka kwenye picha za harusi, ukahamia mabango ya wanasiasa na taarifa za mashirika ya misaada, na sasa umeingia hata kwenye picha za habari, kiasi kwamba ukungu wenyewe umekuwa cheti cha ustadi. Picha ambayo kila kitu ndani yake kinaonekana hudharauliwa kuwa "ya simu", hata kama aliyeipiga alijua vizuri alichokuwa akifanya. Kwa anayepiga picha mahali kama soko la Muthurwa jijini, ushauri huo unapotosha. Kamera yenye kihisi kidogo, hasa cha APS-C au cha mfumo wa Micro Four Thirds, ndiyo inayomfaa, na ingemfaa hata kama pesa zisingekuwa tatizo, kwa kuwa pale Muthurwa kilicho nyuma ya mtu ni nusu ya habari yake.

Kihisi ni kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga mahali pa filamu ya zamani. Cha fremu kamili kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Cha APS-C, kilichomo katika kamera nyingi za bei ya wastani za Canon, Nikon, Sony na Fujifilm, ni kama milimita 23 kwa 15. Cha Micro Four Thirds, mfumo ulioanzishwa na Olympus na Panasonic mwaka 2008, ni milimita 17.3 kwa 13. Kipo pia kile kinachoitwa cha inchi moja, ambacho ni milimita 13.2 kwa 8.8 na hakina upande wowote unaofika inchi. Jina hilo ni masalio ya mirija ya kamera za runinga za zamani, na wauzaji hawana haraka ya kulifafanua. Vya simu ni vidogo zaidi ya hapo. Kina cha fokasi nacho ni ule umbali, mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa, ambao jicho linaukubali kuwa mkali. Wengi huamini kwamba kihisi kikubwa ndicho kinachotengeneza ukungu moja kwa moja. Sivyo. Chukua lenzi moja ya milimita 50, ifungue kwa kiwango kile kile, simama pale pale, kisha ihamishe kutoka kamera ya fremu kamili hadi ya APS-C. Kina cha fokasi hakitaongezeka. Kitapungua kidogo, maana picha iliyotoka kwenye kihisi kidogo italazimika kukuzwa zaidi ili ijaze ukurasa ule ule wa gazeti. Kilichobadilika ni kwamba picha imekatwa kingo zake zote. Ili kuirudisha mandhari ile ile bila kurudi nyuma, mpiga picha atahitaji lenzi fupi zaidi, na ufupi huo wa lenzi ndio unaozaa kina.

Tuweke namba. Mama mboga amesimama mita tatu kutoka kwa kamera, na tundu la lenzi limefunguliwa hadi f/2.8. Kamera ya fremu kamili yenye lenzi ya milimita 50 itatoa kina cha sentimita 60 hivi: yeye na sehemu ya meza yake, basi. APS-C yenye lenzi ya milimita 33 itatoa sentimita 95. Micro Four Thirds yenye lenzi ya milimita 25 inafika mita moja na robo. Picha zote tatu zinaonyesha eneo lile lile, kutoka mahali pale pale. Anayetumia kigezo kikali zaidi cha ukali atapata namba ndogo kuliko hizi, lakini uwiano hautabadilika. Ukifunga tundu hadi f/8, tofauti inagusa kazi ya mtaani moja kwa moja. Kwa lenzi inayoona upana sawa na wa milimita 35 kwenye fremu kamili, kamera kubwa ikilengwa mita tano itashika kila kitu kuanzia mita mbili na nusu hadi upeo wa macho. Ya Micro Four Thirds, ikilengwa mita mbili na nusu, itaanza kushika kwenye mita moja na robo na kwenda mpaka huko huko. Katika vijia vya soko la Muthurwa, ambako mkokoteni ukipita watu wanajibana ubavuni mwa vibanda, nadra mpiga picha kupata mita mbili na nusu kati yake na anayempiga. Mwenye kamera kubwa atalazimika kuchagua: ama uso, ama soko.

Na nyuma ya uso huo kuna nini? Pana soko lililojengwa mwishoni mwa muongo wa 2000 ili kuwaondoa wachuuzi katikati ya jiji, na lililojaa hadi likafurika nje ya kuta zake. Kuna kituo cha matatu zinazoelekea Jogoo Road na mitaa ya mashariki, makanga wakining'inia milangoni. Kuna njia ya reli, ambayo ndiyo iliyouzaa mji wenyewe mwaka 1899 ilipofika kwenye kinamasi hiki kutoka Mombasa. Kisha kuna zile nyumba za safu zilizojengwa na shirika la reli enzi za ukoloni kwa wafanyakazi wake Waafrika, ambazo watu wa Nairobi wanaziita landhies mpaka leo, na barabara iliyo kando ikachukua jina hilo hilo. Julai 2010 wakazi wa nyumba hizo walianza kufurushwa na baadhi ya majengo kubomolewa, ardhi ikiwa imeshapita mikononi mwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli. Walikwenda kortini. Tarehe 30 Agosti 2013, Jaji Isaac Lenaola wa Mahakama Kuu aliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, ikiwemo haki ya makao ambayo Katiba inaitaja kwenye Kifungu cha 43. Hukumu hiyo imekuwa ikitajwa tangu hapo kila unapozuka ubishi kuhusu kufurusha watu nchini, na mwaka 2016 Bunge lilitia masharti ya uondoaji watu ndani ya Sheria ya Ardhi.

Fikiria ni picha ya aina gani inayosaidia katika ubishi wa namna hiyo. Kinachobishaniwa ni ukuta uliobomoka, mfereji uliokatwa, choo cha pamoja, umbali kati ya kitanda kilichotolewa nje na tingatinga. Mwanamke aliyekaa juu ya godoro lake mbele ya nyumba iliyoezuliwa, akipigwa kwa f/1.8 na kamera ya fremu kamili, atatoka na macho ya kuhuzunisha sana. Nyuma yake patakuwa na doa la kijivu ambalo linaweza kuwa nyumba ya Muthurwa, ukuta wa mtaa wa Kaloleni, au jengo lolote la Dar es Salaam. Picha imetuambia kwamba mtu ana huzuni. Haikutuambia kwa nini, wala nani wa kuulizwa. Mhariri ataibeba kwa sababu inapendeza, msomaji ataiangalia kwa sekunde mbili, na maelezo yaliyo chini yake ndiyo yatakayofanya kazi yote ambayo picha ilipaswa kuifanya. Kamera yenye kihisi kidogo, kwa tundu la f/5.6 au f/8, ingetoa macho yale yale pamoja na nambari iliyopakwa mlangoni, mabati yaliyokunjwa, majirani wanaotazama na askari aliyesimama kando. Ardhi ya reli inayoizunguka stesheni kuu iko tena kwenye michoro: mpango wa Nairobi Railway City unahusu ekari 425. Sitabiri kitakachozipata landhies. Nasema tu kwamba atakayetaka kujua miaka thelathini ijayo palikuwaje atazitafuta picha zenye nyuma.

Historia ya picha nayo iko upande huu, ingawa wanaoisimulia mara nyingi huianzia katikati. Picha za ujenzi wa ile reli ya kutoka Mombasa, iliyoitwa reli ya Uganda, nyingi zikiwa kazi ya William D. Young, ni za enzi ya sahani za vioo. Kipimo kimoja cha kawaida cha sahani wakati ule kilikuwa sentimita 16.5 kwa 21.6, eneo linalozidi fremu kamili ya leo mara 40 hivi. Kwa ukubwa huo kina cha fokasi kilikuwa kitu cha kutafutwa kwa jasho: tundu linafungwa kabisa, kamera inawekwa juu ya miguu mitatu, na watu wanaamriwa wasitikisike. Sehemu ya ule ukakamavu tunaouona kwenye picha za wakati huo ni gharama ya kina. Ndipo Oskar Barnack wa Ujerumani, kabla tu ya Vita Vikuu vya Kwanza, alipochukua filamu ya sinema ya milimita 35 na kuunganisha fremu mbili kuwa moja ya milimita 24 kwa 36. Kamera hiyo, Leica, ilipoingia sokoni mwaka 1925, wapiga picha wa studio waliiona kuwa kitu cha kuchezea. Fremu ambayo leo inaitwa kamili iliwekwa kwenye kundi la kamera ndogo ndogo. Kilichoipa ushindi ni udogo wake huo huo: ilibebwa mfukoni, ilipiga haraka, na lenzi zake fupi zilishika mtaa mzima. Sinema yenyewe iliendelea kwa miongo mingi na fremu inayokaribiana na APS-C, na hakuna aliyetoka ukumbini akilalamika kwamba filamu ilipigwa kwa fremu ndogo. Mpiga picha wa sinema Gregg Toland alipiga Citizen Kane, filamu iliyotoka mwaka 1941, kwa lenzi pana na tundu dogo ili aliye mbele na aliye mbali dirishani waonekane kwa ukali mmoja, na kazi hiyo inafundishwa hadi leo.

Karibu na nyumbani yupo mpiga picha Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Picha zake za video kutoka Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, ndizo zilizoamsha dunia kuhusu njaa ya nchi hiyo. Kamera za habari za runinga za wakati huo zilikuwa na eneo la kupokea mwanga lililo dogo mno ukilinganisha na fremu ya milimita 35. Nguvu ya picha zile ilitoka wapi? Mtu mmoja aliyekonda ni msiba wa familia. Mtu huyo huyo akiwa na maelfu nyuma yake, hadi mwisho wa uwanda, wote wakiwa wamekaa chini kwenye baridi ya alfajiri, ni jambo ambalo serikali zinapaswa kulijibu. Futa nyuma yake na umeirudisha njaa kuwa bahati mbaya ya mtu mmoja.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito kuliko yote, ni la mwanga. Muthurwa huamka mapema. Mizigo inashuka kabla jua halijachomoza, na chini ya paa la soko kuna kiza hata saa nne asubuhi. Kihisi cha fremu kamili kina eneo karibu mara nne ya kile cha Micro Four Thirds, kwa hiyo kinakusanya mwanga zaidi na picha yake haina chembechembe nyingi. Hilo ni kweli, ila watu huliacha katikati. Faida hiyo unaipata ukiwa tayari kulifungua tundu na kukubali kina chembamba. Ukitaka kina kile kile ambacho kamera ndogo imekupa kwa f/2.8, itabidi ya fremu kamili uifunge hadi f/5.6. Kufunga huko kunakula mwanga mara nne. Kwa shata ya sekunde 1/125, kamera ndogo itafanya kazi kwa unyeti wa ISO 800 na kubwa italazimika kupanda hadi ISO 3200, na chembechembe zitakaribia kulingana. Ulilipia kihisi kikubwa, kisha ukairudisha faida yake ili upate kile ambacho kidogo kilikuwa nacho tangu mwanzo. Mahali ambapo kamera kubwa hubaki mbele ni pale ambapo kitu hakitembei na shata inaweza kukaa wazi muda mrefu, kama vile jengo linalopigwa kwa miguu mitatu jioni, au pale ambapo tofauti ya jua kali na kivuli kizito inahitaji kuhifadhiwa yote. Anayepiga majengo ya zamani ya reli kwa ajili ya hifadhi ya kumbukumbu ana haki ya kuitaka. Anayefuata watu sokoni hana sababu hiyo. Kamera ndogo nayo ina mpaka wake: ukilifunga tundu kupita f/8 au f/11, mwanga huanza kutawanyika na picha nzima hupoteza makali, kwa hiyo mtu asidhani kwamba kufunga zaidi ni kupata zaidi.

Pingamizi la pili ni la heshima, nami ndilo ninalolipima kwa uangalifu zaidi. Watu wa Eastlands, mitaa hii ya mashariki, wasema wanaolitoa, wameonyeshwa kwa miaka mingi kama sehemu ya takataka zilizowazunguka: mtoto na mtaro, mama na matope, kijana na ukuta uliochorwa. Ukungu unamtoa mtu kwenye mtaro huo na kumpa uso wake mwenyewe, jinsi tajiri wa Muthaiga anavyopewa. Kuna ukweli hapa, na aliyewahi kuzipitia ripoti za misaada anaujua. Lakini angalia dawa inayopendekezwa. Mtaro haukuzibwa; umefichwa, na pamoja nao umefichwa ufundi wa mtu huyo. Fundi anayeshona magunia ana meza yake, cherehani chake, mafungu ya magunia yaliyopangwa kwa ukubwa, daftari la madeni lililoning'inizwa kwa kamba, namba ya M-Pesa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu juu ya ubao. Vitu hivyo ndivyo vinavyomwonyesha kuwa mtu wa kazi. Vikiyeyuka, anabaki uso wa kuhurumiwa au wa kupendezwa, na yote mawili ni madogo kuliko yeye. Kamera haina hatia ya picha za kudhalilisha zilizotangulia. Zilitokana na pale alipochagua kusimama mpiga picha, na alichoamua kiwe nyuma. Hatua mbili kushoto zingeuondoa mtaro na kukileta cherehani. Anayetegemea ukungu hana haja ya hatua hizo mbili, na ndiyo maana ukungu humfanya mtu kuwa mvivu wa kutazama.

Wapo pia wanaosema kwamba ukungu unawalinda wapita njia ambao hawakuomba kupigwa picha. Hoja hii imepata meno tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya burudani ya Nairobi faini ya Sh1.85 milioni kwa kutumia picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, na shule moja ikatozwa Sh4.55 milioni kwa picha za wanafunzi. Kwa hiyo si jambo la kuchezea. Lakini anayehitaji idhini kwanza ni yule aliye mbele, mkali kabisa, ambaye ukungu haumfichi hata kidogo. Sheria hiyo hiyo inatenga nafasi kwa uandishi wa habari na sanaa, ikizingatia manufaa ya umma, nafasi ambayo tangazo la biashara halina. Na pale ambapo mtu wa nyuma anahitaji kulindwa kwa kweli, tuseme shahidi au mtoto, ukungu wa lenzi ni kinga hafifu. Anayemjua atamtambua kwa mwendo, kwa nguo, kwa mahali aliposimama. Mtu huyo anapaswa kuachwa nje ya picha kabisa.

La biashara nitalipita haraka. Maharusi wanataka ukungu, na anayelipa ndiye mwenye kauli. Hata hivyo kihisi kidogo hakimnyimi mtu ukungu. Kinampa kwa masharti. Lenzi ya milimita 45 yenye f/1.8 kwenye Micro Four Thirds, ukiwa mita moja na nusu kutoka kwa bibi harusi, inaacha kina cha sentimita sita tu. Macho yote mawili yatakuwa makali na masikio yataanza kulegea, na ukimsogeza mbali na ukuta, ukuta utapotea. Lenzi ya milimita 85 kwenye fremu kamili kwa f/1.8 itaacha sentimita tatu hivi, na akigeuza kichwa kidogo jicho moja limepotea. Sijui harusi inayohitaji hivyo. Upande wa uzito, lenzi nyingi za milimita 70 hadi 200 zenye f/2.8 za fremu kamili hukaribia kilo moja na nusu. Panasonic ina ya milimita 35 hadi 100, yenye f/2.8 pia, inayoona upana ule ule, na ina gramu 360. Bila shaka ile ndogo haifuti nyuma kama ile kubwa, na hilo ndilo nimekuwa nikilitetea. Anayeshuka matatu Muthurwa na begi begani anajua pia kwamba kamera isiyovutia macho hudumu zaidi mikononi mwa mwenyewe.

Je, kwa hoja hii simu isingetosha? Kwa sehemu inatosha, na picha nyingi za mtaani zinazosaidia wakazi leo zinapigwa kwa simu. Kamera kuu ya simu ya kawaida, yenye f/1.8 juu ya kihisi kidogo sana, ina kina sawa na cha f/11 hivi kwenye fremu kamili. Ukilenga mtu aliye karibu mita mbili, kila kitu kuanzia mita moja hadi mwisho wa barabara kitakuwa kikali. Tatizo linaanza kiza kinapoingia, ambapo kihisi cha namna hiyo kinazidiwa na programu inalazimika kubuni ngozi na maandishi. Ndiyo maana ninasimama katikati, kwenye APS-C na Micro Four Thirds, ambako kina kinapatikana bila kuutupa mwanga wote. Kundi la vijana lenye bajeti ya kamera moja ya fremu kamili na lenzi moja lifanye hesabu upya. Mara nyingi pesa hizo zinanunua kamera ndogo ya mtumba iliyo nzima, lenzi mbili, betri za akiba na diski ya kuhifadhia picha, na diski hiyo ndiyo husahauliwa.

Ajabu ni kwamba simu, chombo kilichojaliwa kina bila kukiomba, ndiyo sasa inayokikimbia kwa bidii kuliko vyote. Tangu Apple ilete picha za ukungu wa programu kwenye iPhone 7 Plus mwaka 2016, na Google ikafuata mwaka 2017 na Pixel 2 kwa lenzi moja tu, kila kampuni imetia kitufe hicho. Programu inakisia mtu anaishia wapi, kisha inapaka ukungu juu ya kilichobaki. Hukosea kwenye nywele zilizosukwa, kwenye mpini wa kikapu, kwenye hereni, na ikikosea inakata bila kuuliza. Lakini hata inapopatia, imefuta kitu ambacho kihisi kilikuwa kimekwisha kukirekodi kwa ukali: bango, nambari ya mlango, gari lililosimama. Simu nyingi bado zinahifadhi picha ya awali na kuruhusu ukungu uondolewe baadaye, mradi faili halijapitishwa WhatsApp, ambako kwa kawaida kinachofika ni picha iliyokwisha kupakwa ukungu na kubanwa. Dawati la picha linalopokea kazi kutoka Muthurwa lidai faili lenyewe kutoka kwenye simu au kamera, na lilifungue lote kabla ya kuamua ni kipi cha kukata.